Shilingi Ikipungua, Haki ya Nani Hupungua?

 

Katika darasa letu la baada ya Magharibi, mfanyi biashara mmoja katika wanafunzi wetu, mtu mwema ambaye hutoa zaka yake kwa hesabu wala hangoji kukumbushwa, alituuliza mas'ala tuliyodhani tutayajibu kabla ya adhana ya Isha. Hatukuyajibu usiku ule, wala usiku wa pili wake. Yeye huagiza mchele kutoka Pakistani, na hununua kwa dola kwa ahadi ya kulipa baada ya siku 90. Mzigo mmoja aliupokea Januari 2024, wakati dola moja ilipokuwa ikipatikana kwa shilingi 160. Akaupangia bei kwa hesabu hiyo, akauuza wote. Kabla ya siku yake ya kulipa kufika, serikali ilikwenda ikakopa dola milioni 1,500 katika masoko ya nje, mwezi wa Februari, ili iondoe sehemu kubwa ya deni la dola milioni 2,000 lililokuwa liive mwezi wa Juni. Hofu ikawatoka watu, na dola ikateremka hata ikawa kiasi cha shilingi 130. Basi deni lake la dola 10,000, alilolihesabu kuwa shilingi 1,600,000, likalipika kwa 1,300,000. Laki tatu zikambakia mkononi wala hakuzitolea jasho. Akauliza: je, ni halali?

Hili la kwanza lilikuwa jepesi. Sheria yetu ina kanuni mashuhuri kwamba faida ya kitu ni ya yule aliyechukua dhamana ya hasara yake. Lau dola ingalipanda hadi 190, hakuna hata mnunuzi mmoja ambaye angalirudi dukani kwake kumchangia. Aliyekuwa tayari kuungua hanyimwi moto wa kuota. Tukamwambia fedha ni zake, na zaka yake aijua.

Walakini yeye mwenyewe hakutosheka na jibu hilo, na hii ndiyo dalili ya moyo ulio hai. Akasema kwamba mizigo iliyofuata aliinunua kwa dola ya shilingi 129 na 130, na bei ya dukani hakuishusha illa kidogo sana, kwa kuwa wenziwe sokoni hawakuishusha. Tena anao mahamali sita wanaoshusha magunia. Dola ilipopanda na unga ukapanda nayo, ujira wao ulikaa pale pale. "Je, hawa nimewapunja?" Kisha akajijibu haraka: "Lakini mimi nimewalipa idadi ile ile tuliyoagana."

Hapo ndipo penye fundo, nasi twaomba wasomaji wetu wasitutangulie kwa kusema kwamba mambo ya dola ni ya mabenki, hayana fikihi.

Wazee wetu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na pishi ni vibaba vinne. Muuzaji aliyeigonga pishi yake ikabonyea ndani, mji mzima ulimjua, na watoto waliokuwa wakisoma Suratul Mutaffifin chuoni walijua inamsema nani. Sasa fedha nayo ni kipimo. Imamu Ghazali katika kitabu chake cha Ihyaa ameifananisha na kioo, ambacho hakina rangi yake kikaonyesha rangi za vitu vyote, na akawalaumu sana wanaoigeuza kuwa bidhaa ya kutakiwa kwa dhati yake. Ikiwa fedha ni kipimo, basi shilingi inapopungua nguvu ni pishi iliyobonyea. Tofauti ni hii: mwenye duka hakuigonga, wala hamali hakuigonga. Wote wawili waliamka asubuhi wakaikuta imebonyea. Basi mpunjaji ni nani?

Wako wanaosema hakuna mpunjaji, hii ni kudra, kama mvua na ukame. Sisi twasema pana mafungu mawili, na kuyachanganya ni dhuluma. Mafuta ya petroli yakipanda bei kwa vita vya mbali, au Marekani ikapandisha riba yake mali zikakimbilia huko, au mvua isinyeshe nchi ikalazimika kuagiza mahindi, shilingi hudhoofika na hatumwoni hapa nyumbani wa kumshika shati. Lakini pana kudhoofika kwingine kwenye mkono wa mtu ndani yake. Mwanachuoni wa Misri, Al-Maqrizi, aliyekuwa muhtasibu wa masoko ya Kairo, aliandika kitabu kizima kiasi cha mwaka 1405 juu ya njaa na ughali wa zama zake. Hakuridhika kulaumu Mto Nili. Alitaja vyeo vilivyokuwa vikinunuliwa kwa hongo, kodi za mashamba zilizopandishwa, na fulusi za shaba zilizomwagwa sokoni mpaka zikaifukuza dhahabu na fedha. Sisi nasi tuna mwaka wetu. Mwaka 1992 ulikuwa wa uchaguzi, na fedha nyingi zilitiwa nchini. Na katika miaka hiyo hiyo hazina ililipa mabilioni ya fidia kwa ajili ya dhahabu iliyodaiwa kuuzwa nje, katika kashfa inayojulikana kwa jina la Goldenberg. Mwaka 1992 dola ilikuwa kwa wastani shilingi 32. Mwaka 1993 ikawa 58. Bei za vitu zilipanda mwaka huo kwa kiasi cha 46 katika kila mia. Mwalimu aliyekuwa na akiba ya mahari ya kijana wake benki hakuibiwa hata senti, na akiba yake haikufika.

Katika fikihi, mas'ala haya ya sarafu inayobadilika si mageni. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, alisema kwamba fulusi zikipanda au kushuka, mdeni hulipa thamani ya siku ya mapatano. Ibn Abidin wa Damaski, katika karne ya 19, aliandika risala makhsusi juu ya jambo hilo. Imamu wetu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo ya pwani hii, hakuona hivyo: aliyekopesha fulusi au dirhamu kisha mfalme akaziondoa, hana haki illa ya mfano wa zile alizotoa. Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu ilipokutana Kuwait mwaka 1988 iliamua kuwa deni lililothibiti kwa sarafu hulipwa kwa idadi yake, si kwa thamani yake, wala halifungwi kwa kupanda na kushuka kwa bei. Hekima yake haikufichika. Mlango wa kusema "uliniazima elfu, nilipe elfu na mia kwa sababu pesa imepungua" ukifunguliwa, riba itaingia humo ikiwa imevaa kanzu.

Mfanyi biashara wetu aliyasikia haya akafurahi. Akasema: "Basi mahamali nao ni hivyo hivyo. Idadi ni idadi."

Hapana. Na hapa ndipo wengi wetu hukosea, tena wengine hukosea kwa kupenda. Deni ni jambo lililokwisha pita. Fedha ilitoka mkononi, ikawa katika dhima ya mtu. Ujira wa mwezi ujao haujawa deni la yeyote. Ni mapatano mapya, na kila mwezi tajiri anapomwambia hamali "njoo kesho," amefanya naye mapatano mapya hata kama hakuandika. Majmaa ile ile, ilipokutana Brunei mwaka 1993, iliruhusu waajiri na wafanyi kazi kushurutisha kwamba mishahara ipande kwa kufuata bei za vitu, madamu jambo hilo halileti madhara kwa uchumi wa watu wote. Mkutano ni mmoja na wanavyuoni ni wale wale: kwenye deni wakafunga, kwenye ujira wakafungua. Basi atakayeichukua hukumu ya deni akajifunika nayo asimwongeze hamali wake, huyo hana dalili. Ana kisingizio.

Akatuuliza swali zuri kuliko yote ya usiku ule: "Haya, dola ikipanda niwaongeze. Ikishuka, niwapunguze?"

Kabla ya kumjibu tulimrudisha katika historia ya nchi hii, kwa sababu swali lake limekwisha jibiwa hapa kwa damu. Kabla ya shilingi, fedha yetu ilikuwa rupia, na rupia 15 zilikuwa pauni moja ya Kiingereza. Baada ya Vita Vikuu vya kwanza bei ya madini ya fedha ilipanda, rupia ikapanda nayo, na mwaka 1920 serikali ikaifunga kwa rupia 10 kwa pauni. Setla aliyekuwa amekopa rupia 15,000, akijua ni pauni 1,000, akajikuta anadaiwa pauni 1,500, na huku mazao yake yanaanguka bei katika masoko ya Ulaya. Mwaka 1921 ikaletwa shilingi ya Afrika Mashariki. Katika mwaka huo huo mabwana mashamba wakaafikiana kukata ujira wa Waafrika kwa thuluthi moja. Hoja yao ilikuwa hiyo hiyo ya mfanyi biashara wetu: fedha imepanda thamani, basi idadi ipungue. Lakini mfanyi kazi wa shamba hakuwa akinunua pauni. Alikuwa akinunua chumvi na shuka, na kodi ya nyumba na ya kichwa ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16. Yeye alikatwa kwa kipimo cha London akaachwa alipe kwa kipimo cha Nairobi. Hasira hiyo ndiyo iliyompa nguvu Harry Thuku na chama chake. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kumtaka walipigwa risasi tarehe 16; waliokufa walikuwa zaidi ya 20, na miongoni mwao wanawake. Watu wa Mombasa nao wasijione wako mbali na hayo. Januari 1947, baada ya vita vya pili, bei zilipopanda na ujira ukalala, wafanyi kazi wapatao 15,000 waliusimamisha mji huu, na uwanja waliokuwa wakikutania wakauita Kiwanja cha Maskini.

Basi jibu letu lilikuwa hili. Hamali wako hali dola. Mpimie kwa sembe, mafuta, nauli ya matatu na kodi ya chumba. Vikipanda hivyo, ujira wake umepungua hata kama idadi haikubadilika. Vikishuka, na vishuke kweli, njoo tuzungumze. Na twajua sote kwamba dola ikipanda bei hupanda nayo siku hiyo hiyo, na dola ikishuka bei hubaki juu ikitazama chini.

Tumesema hamali hali dola. Lakini wako jamaa zetu ambao kwa njia fulani wanakula dola, na haki yao lazima isemwe. Mtoto wa mtu wa Kisauni au Likoni aliyekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani hulipwa kwa riali, na riali tangu mwaka 1986 imefungwa 3.75 kwa dola moja. Tuseme anatuma riali 1,000. Mamake, dola ilipokuwa 160, alipokea zaidi ya shilingi 42,000. Dola ilipokuwa 129 alipokea 34,400. Binti hakupunguza kazi, wala tajiri wake hakupunguza mshahara, na mama amepoteza shilingi zaidi ya 8,000 kwa sababu shilingi ya nchi yake imepata nguvu. Fedha zinazotumwa na Wakenya walio nje zilizidi dola milioni 4,000 mwaka 2023 na zikaongezeka mwaka 2024, kwa hiyo mama huyo si mmoja. Tumewahi kusikia kwa masikio yetu mtu akimwomba Mwenyezi Mungu shilingi ishuke. Hatukumkemea, kwani hakuwa akiomba ubaya, alikuwa akiomba karo ya watoto. Ila jirani yake wa ukuta wa pili, mwenye kuuza mandazi kwa unga wa ngano inayoagizwa nje na mafuta yanayoagizwa nje, angeisikia dua ile angedhani ni apizo.

Mkulima wa chai ni vivyo hivyo. Chai hupigwa mnada hapa hapa Mombasa, na hupigwa kwa dola, lakini mchumaji hulipwa shilingi kwa kilo. Mwaka 2025 wakulima walipolalamikia bonasi iliyopungua, moja katika sababu walizopewa ilikuwa ni hiyo nguvu ya shilingi. Na wenye elimu ya uchumi hutuambia kwamba sarafu dhaifu ni neema kwa nchi changa: bidhaa zake huwa rahisi ng'ambo, viwanda huja, vijana hupata kazi. Hatulikanushi. Katika viwanda vya nguo vya Athi River, vilivyoshonea soko la Marekani chini ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000, wako maelfu waliopata riziki ambayo wasingaliipata. Kijana asiye na kazi hatutamwambia akatae kazi kwa kuwa sarafu ni dhaifu. Lakini tuulize kilichokuwa rahisi ni nini. Kitambaa kilitoka nje kwa dola, mashine zilitoka nje kwa dola, na bei ya hivyo haikupungua. Kilichopungua, kwa macho ya mnunuzi wa New York, ni jasho la mshonaji peke yake. Anayeisifu sarafu dhaifu na aseme wazi kwamba anasifu jasho rahisi, kisha aeleze ni kwa muda gani na kwa faida ya nani. Huenda akawa na jibu zuri. Sisi twataka tu alitoe.

Limebaki la bei ya mchele. Bei hatumfungii. Mtume, rehema na amani zimshukie, bei zilipopanda Madina aliombwa aziwekee mpaka, akakataa, akiogopa kukutana na Mola wake hali yuko mtu anayemdai dhuluma ya mali. Hata hivyo wanavyuoni, na Ibn Taimiya miongoni mwao katika risala yake ya Hisba, wamefahamu kwamba hilo ni pale soko lilipo huru. Wafanyi biashara wakikaa barazani wakaafikiana asishushe yeyote, si soko tena. Tulimwuliza swali moja tu: "Mnunuzi akikuambia bei ni kali, wewe humjibuje?" Akanyamaza, kisha akasema: "Humwambia, dola iko juu." Na mwezi gani huo? Akasema mwezi wa Juni. Hapo hapakutaka kitabu. Kuuza kwa bei utakayo ni ruhusa. Kuuza kwa dola ya Januari uliyokwisha kuizika ni uwongo, na baraka ya biashara huondoka kwa uwongo.

Twaongeza neno kwa wenye kubadilisha na kutuma fedha, maana wako katika wasomaji wetu. Ibn Umar alikuwa akiuza ngamia Baqii kwa dinari akachukua dirhamu mahali pake, na kwa dirhamu akachukua dinari. Alimwuliza Mtume, akaruhusiwa kwa sharti kwamba iwe kwa bei ya siku ile na wasiachane na jambo limebaki baina yao. Wakala anayepokea riali asubuhi, akangoja mpaka jioni aone bei imekwendaje, kisha akamlipa mama wa Kisauni kwa ile iliyo duni, na aisome hadithi hiyo akiwa peke yake.

Mfanyi biashara aliondoka akiwa amenuia kuwaongeza mahamali wake, na ameongeza. Kiasi gani si kazi yetu kukitangaza. Bei ya mchele aliishusha shilingi chache, akatukanwa na majirani zake wa soko.

Tungalipenda kuishia hapo, tukaonekana watu wa hekima. Lakini usiku ule wa tatu, watu walipokuwa wakivaa viatu, mweka hazina wa darasa letu, kijana asiyekuwa na maneno mengi, alifungua daftari akasema kwamba mwalimu wa chuo chetu tunamlipa shilingi 9,000 kwa mwezi, na kwamba idadi hiyo iliandikwa mwaka 2019. Mwaka huo dola ilikuwa kiasi cha 102. Tulikuwa tumekaa siku tatu tukizipima pishi za watu. Hakuna aliyesema neno, nasi ambao tulikuwa tumekalia mkeka wa mbele ndio tuliostahiki zaidi kunyamaza.

Kwa fikihi tuliyoieleza, miaka iliyopita mwalimu hatudai kitu. Alipokea idadi aliyoiridhia, na hesabu imefungwa. Tulimwendea kumtaka radhi kwa lisilodaiwa, na kumwambia kwamba tangu mwezi ujao ujira wake utatazamwa kila Muharram kwa bei ya unga na kodi ya chumba. Alitukaribisha kahawa. Akasema kwamba la nyongeza ni letu na ametusamehe, ila ana ombi moja ambalo halina gharama: ujira uwe ukimfikia tarehe mosi badala ya tarehe kumi, kwa sababu duka analokopa unga hufunga daftari tarehe tano.